Milango ya Fahamu: Usiku Mmoja Katika Mtumbwi wa Dunga

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa kijana mmoja wa Nyalenda, hapa Kisumu, ambaye humsaidia mjomba wake kuvua omena. Analalamika ya kuwa kila waingiapo ziwani mjomba wake humkataza kusema hata neno moja, kwa sababu, asema mzee huyo, samaki husikia. Kijana naye, kwa kuwa amesoma hata akamaliza kidato cha nne, na kwa kuwa amepasua samaki wengi kwa kisu chake mwenyewe, hujibu kwamba samaki hana masikio. Ugomvi huo umeendelea miezi mitatu. Sasa umekuwa mkubwa, maana mzee amesema kwamba akichoka kabisa atamchukua kijana mwingine, mwenye kinywa kizito, na huyu arudi nyumbani akatafute kazi ya kuzungumza. Kwa hiyo wote wawili wamekubali mimi niwe mwamuzi.

Kazi yangu ni faili na mihuri, wala si nyavu. Lakini hakimu mwema hahukumu kesi ya mpaka wa shamba bila kwenda kuliona shamba lenyewe. Basi Jumamosi, mwezi ukiwa bado mwembamba, nilishuka Dunga jioni nikawakuta wakipakia taa zao.

Wale wasiopafahamu Dunga, ni pwani ya wavuvi iliyo kusini ya mji wa Kisumu, kwenye ghuba ya Winam, na kando yake kuna kinamasi kikubwa cha mafunjo. Nilikuwa nimevaa suruali fupi na ndara, nami niliketi juu ya gogo kuwangoja. Mbu walinila sana. Lakini nilipojitazama niliona kwamba karibu wote walikuwa wameuma vifundoni na nyayoni, wala mikono na shingo hawakuijali. Liwekeni akilini jambo hilo dogo, maana nitalirudia.

Tulipokuwa tukipita karibu na mafunjo, mzee mwenyewe alichukua kafi akagonga ubavu wa mtumbwi mara tatu, ko, ko, ko. Kijana akacheka. "Mjomba, si ulisema samaki husikia?" Mzee akamjibu, "Samaki wako mbele, mpwa wangu. Wa hapa ni kiboko, na huyu ndiye nataka anisikie." Alikuwa na haki. Kiboko akishtushwa ghafula ni mnyama wa kuua, bali akijua mapema kwamba watu wanapita, mara nyingi huwapisha. Macho yake, masikio yake na pua zake zote ziko juu ya kichwa, hata aweza kuzama mwili mzima naye anaona, anasikia na kunusa. Mtaalamu mmoja wa Marekani, William Barklow, alieleza mwaka 2004 kwamba kiboko akinguruma kichwa kikiwa nusu majini, sauti yake husafiri hewani na majini kwa wakati mmoja, na wenziwe huipokea kwa njia zote mbili. Kwa hiyo kugonga mtumbwi ni kubisha hodi kwenye mlango ulio wazi.

Shuleni sote tulifundishwa kwamba mwanadamu ana milango mitano ya fahamu, yaani kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Nilikariri mambo hayo mbele ya mwalimu wangu wa misheni mpaka nikayachoka. Lakini hatukuambiwa kwamba mnyama mwingine aweza kuwa na milango hiyo hiyo mahali pengine mwilini, au yenye upana mwingine, au kwamba yuko mwenye mlango ambao sisi hatunao kabisa. Naona kwamba usiku ule katika mtumbwi nilijifunza zaidi.

Tulipofika mahali walipopataka, taa ziliwashwa na kuachwa zielee. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wavuvi wengi wametwaa taa za betri na za umeme wa jua. Mchana omena hukaa chini, na usiku hupanda juu. Wadudu wa ziwani na vijidudu vidogo sana vya majini huufuata mwanga, na omena hufuata chakula chake pamoja na mwanga huo. Wavuvi hupumzika usiku wa mwezi mpevu kwa sababu hiyo hiyo, kwani mbingu yote ikiwa taa, taa ya mvuvi haina nguvu ya kumwita mtu.

Mimi, kwa ujinga wangu, niliitazama taa. Nilipogeuza uso kutazama gizani sikuona kitu: wala mtumbwi wa jirani, wala mkono wangu. Mzee alikuwa ameketi akiipa taa kisogo, na kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Yeye aliona kila kitu. Sababu yake ni hii. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba wenye seli za namna mbili. Za kwanza, kiasi cha milioni 6, hutumika mchana, nazo ndizo zinazotambua rangi. Za pili ni nyingi mno, zaidi ya milioni 100. Hizo hufanya kazi katika giza, lakini hazijui nyekundu wala kijani, ndiyo maana usiku paka wote ni wa kijivu. Mtu akitoka kwenye mwanga mkali, seli za usiku hutaka muda wa karibu nusu saa ili zirudie nguvu zake zote, na mwanga wa dakika moja huweza kuiharibu kazi hiyo ikabidi kuanza upya. Tena, katikati kabisa ya utando ule seli za usiku hazimo. Ukitaka kuiona nyota hafifu, usiikazie macho. Itazame kidogo pembeni, nayo itatokea. Jaribu usiku wa leo.

Seli hizo za usiku huhitaji vitamini A. Mtoto asiyeipata huanza kujikwaa magharibi inapoingia, na akiachwa hivyo jicho lenyewe huweza kuharibika kabisa. Maini, mayai, papai, maembe na mboga za majani zitamlinda, na mama asidhani mtoto huyo ni mzembe wa kutazama njia.

Sasa niingie katika kesi yenyewe. Samaki anayo masikio, ila hayana tundu wala ncha ya nje. Yako ndani ya kichwa, na mna vijiwe vyeupe ambavyo kila mpishi wa kichwa cha mbuta amekwisha kuvikuta sahanini akadhani ni mifupa. Wataalamu hukata vijiwe hivyo na kuhesabu mistari yake ili kujua umri wa samaki, kama vile mtu ahesabuvyo pete za mti. Lakini samaki hawasikii sawasawa. Ngege husikia kiasi. Omena na mumi husikia zaidi, kwa maana ndani yao mna kifuko cha hewa kinachotetemeka sauti inapopita, na kati ya kifuko hicho na sikio pana mnyororo wa vijifupa vidogo mno vinavyopeleka mtetemo huo. Vijifupa hivyo vilielezwa na Ernst Weber wa Ujerumani mwaka 1820. Kwa hiyo mzee amechagua samaki mwenye masikio makali kupita wengi wa ziwa hili, na kwa jambo hilo nampa ushindi.

Hata hivyo kijana naye ana lake. Sauti ya mtu anayezungumza iko hewani, na inapogonga uso wa maji, karibu yote hurudi juu kama mpira uliopigwa ukutani. Kidogo mno huingia chini. Bali kinachogonga mbao za mtumbwi huingia majini moja kwa moja, na huko hukimbia kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne kuliko hewani. Nilimtazama kijana kwa muda wa saa moja. Maneno yake hayakuwa na dhara. Lakini kila alipokumbuka wimbo, kisigino chake kilipiga sakafu ya mtumbwi, na alipotoa maji kwa kopo aliliangusha lilipotaka kuanguka. Basi nilitoa hukumu pale pale: aseme apendavyo, lakini aimbe pasipo miguu, na kopo alifunge kitambaa. Mzee alicheka sana, akasema, "Bwana Karani, miezi mitatu nimepigana na kinywa, kumbe adui ni kisigino!" Kazi ya kijana imesalimika, angalau kwa sasa.

Nilitaka kumwongezea jambo moja. Mtwae ngege, mtazame ubavuni. Utaona mstari wa vitundu vidogo ulionyoka kutoka nyuma ya kichwa, kisha ukakatika, na mwingine ukaanza chini yake kuelekea mkiani. Mbuta anao mmoja tu, nao unaendelea hata ndani ya mkia. Kwa mstari huo samaki huhisi maji yanavyosukumwa na mwenziwe, au adui, au jiwe, ingawa hana mwanga wa kuona. Ndivyo kundi la omena linavyoweza kugeuka pamoja kama askari waliopewa amri. Na wale wanaopiga maji kwa magongo ili kuwafukuzia samaki nyavuni, njia ambayo sheria imeikataza, wanawapiga katika masikio na katika mstari huo kwa mara moja.

Kulipopambazuka tulirudi. Bandani, kati ya samaki wa mvuvi mwingine, palikuwa na mumi watatu na suma mmoja. Mumi ana sharubu nane mdomoni, na sharubu hizo zimejaa vionjeo kama vile vilivyo katika ulimi wetu. Mtu angekuwa hivyo, angalionja ugali kwa kuupapasa. Lakini suma ndiye aliyenishangaza. Ni samaki mwenye pua ndefu iliyopinda kama mkonga, na siku hizi huonekana kwa nadra kuliko zamani. Wengi wa vijana waliokuwapo bandani hawakumjua kwa jina. Huyu ndiye mwenye mlango wa sita.

Karibu na mkia wake mna kiungo kinachotoa umeme hafifu mno, ambao mkono wa mtu hauwezi kuuhisi. Umeme huo huenea majini kumzunguka, na ngozi yake ina vitundu vinavyoupokea tena. Jiwe hubadili umeme huo kwa namna yake, na funza aliye matopeni kwa namna nyingine. Basi suma husoma mabadiliko hayo akajua kilichopo mbele yake, ijapokuwa ni usiku na maji ni tope. Hans Lissmann wa Chuo Kikuu cha Cambridge ndiye aliyeanza kuifichua siri hii mwaka 1951, kwa kumchunguza samaki wa Afrika aliye wa jamaa ya mbali ya suma. Elimu hiyo ina gharama. Binamu yake suma, anayepatikana katika mito ya Kongo, amepimwa ikaonekana kwamba ubongo wake peke yake hutumia kiasi cha asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Wetu sisi hutumia kiasi cha asilimia 20, nasi twajiita wenye akili.

Na mlango ulio wazi kwako ni wazi kwa adui pia. Katika kinamasi cha Okavango, Botswana, mumi wameonekana wakiwinda kwa makundi samaki wa ukoo huu wa suma, na majaribio yameonyesha kwamba mumi aweza kuunasa umeme wao. Mwenye taa huona, na huonekana.

Mzee alichukua kutoka nyavuni mwetu fulu mmoja mdogo aliyeingia pamoja na omena. Akamgeuza kiganjani, akasema kwamba alipokuwa kijana fulu walikuwa na rangi za kila namna, wekundu, wa samawati, wa manjano, kama kanga za sokoni. "Huyu ana rangi ya maji ya kufulia," alisema. Sikujua la kumjibu pale, nikaenda kusoma.

Kila mtu amelisikia kosa la mbuta, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akazidi mno katika miaka ya 1980, akawala fulu wa aina nyingi hata wakatoweka. Hilo ni kweli, lakini si lote. Upande wa Mwanza wako fulu wawili ndugu. Mmoja, dume lake lina rangi nyekundu, naye huitwa Pundamilia nyererei; jina hilo la nyererei alipewa mwaka 1985, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Wa pili, dume lake ni la samawati, na jina lake ni Pundamilia pundamilia. Majike ya aina hizo mbili hufanana sana. Jike humchagua mume kwa rangi, wala hana alama nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Mtaalamu Ole Seehausen na wenzake waliwaweka majike katika matangi yenye mwanga uliofuta tofauti ya rangi hizo, na majike yakapokea madume ya aina yoyote bila kubagua. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1997. Kisha mwaka 2008 walionyesha kwamba ndivyo ilivyo ziwani kwenyewe: karibu na visiwa vyenye maji maangavu aina mbili zimesimama mbali mbali, na mahali pa maji machafu zimechanganyika zikawa kama aina moja isiyo na rangi dhahiri. Maana mwanga unapoingia katika maji ya tope, samawati hufa kwanza, karibu na juu. Wekundu ndio unaobaki. Macho ya samaki ni mazima kabisa, lakini hayana cha kuona.

Ghuba yetu ya Winam haina kina kikubwa, na mito ya Nyando na Sondu huishushia udongo kila masika. Taka za mji nazo hulisha uoto wa kijani unaoyafanya maji kuwa kama mchuzi wa mlenda. Mkulima wa Muhoroni au wa vilima vya Nandi asiyechimba matuta hadhani kwamba ana shauri lolote na fulu wa Dunga. Lakini udongo ule ule unaomwachia shamba lenye mawe huja huku chini kufunga dirisha la nyumba ya mwingine. Nimeishi Kisumu miaka mingi nami nilikuwa nikiyatazama maji hayo mekundu baada ya mvua kama dalili ya neema tu.

Nakumbuka niliahidi kurudi kwa mbu. Mbu jike wa malaria hategemei macho peke yake anapokutafuta usiku. Kwanza hupata harufu ya pumzi zako, ile hewa ya kaboni dayoksaidi, nayo humwongoza kutoka mbali kidogo. Akikaribia hufuata joto la ngozi na harufu ya jasho. Na kwa yule aitwaye anofelesi gambiae, harufu imzidiyo tamu ni ya miguu, inayotengenezwa na bakteria wakaao kati ya vidole. Mtaalamu Bart Knols wa Uholanzi alionyesha mwaka 1996 kwamba mbu huyo huvutwa pia na jibini moja ya Ulaya inayonuka kama soksi, na sababu ni kwamba bakteria wanaoitengeneza ni ndugu za wale wa miguuni. Walipoosha miguu ya mtu kwa sabuni ya kuua bakteria, mbu hawakuipendelea tena miguu kuliko sehemu nyingine. Hivyo vifundo vyangu vilipata maelezo yake.

Mambo haya si ya kuchekesha tu. Katika kisiwa cha Rusinga, kuanzia mwaka 2012 hata 2015, wataalamu wa kituo cha wadudu kiitwacho ICIPE, chenye tawi lake Mbita, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, waliweka mtego mmoja kwa kila nyumba. Ndani yake mlikuwa na harufu ya mtu iliyotengenezwa kwa dawa, na feni ya kuwanyonya mbu, inayoendeshwa kwa umeme wa jua. Mtego huo waliuita Suna, yaani mbu kwa Kijaluo. Watu waliendelea kutumia vyandarua vyao. Katika nyumba zenye mitego, malaria ilionekana kuwa chini kwa asilimia 29.8 kuliko katika zile zilizokuwa bado hazijapewa. Ni ufundi ule ule wa mzee na taa yake: ujue mlango anaouamini mnyama, kisha usimame mlangoni.

Mwaka jana mtoto wangu wa pili alilala siku nne kwa homa hiyo, asinitambue siku mbili kati ya hizo, kwa hiyo sikuzisoma habari za Rusinga kama hadithi. Niliporudi nyumbani Jumapili asubuhi, mikono ikinuka omena, nilitaka kulala mara moja. Nikainua chandarua cha watoto nikaona upande wa miguuni kina tundu la kupita kidole. Nilinawa, nikatafuta sindano na uzi mweupe, nikaketi kitandani nikalishona.